Mpira wa Shingoni

Gereji nzima ilimwita Pua, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake. Alikuwa fundi mkuu wa magari ya mashindano, mtu wa mwili mdogo na maneno makubwa, na sifa yake ilikuwa moja: petroli ikivuja hata tone, yeye aliisikia harufu akiwa bado getini.

Kipaji hicho angeweza kukitumia kwa upole. Hakutaka. Alijitungia desturi yake: gari likishafungwa, pampu huwashwa injini ikiwa imezimwa, mafundi wote hunyamaza, na Pua hutembea polepole kutoka kwenye tanki hadi kwenye injini, mikono nyuma, macho kayafumba. Akinusa kitu, aliyefunga paipu hiyo huvalishwa mpira wenyewe wa paipu shingoni, na petroli yake, ashinde nao hadi gereji ifungwe. Wateja walicheka, yeye akacheka zaidi. Fundi mmoja wa kike, waliyemwita Bi Spana, alivalishwa siku ambayo mama yake mzazi alikuja kumtembelea kazini. Yule mama aliondoka bila hata kukaa.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Mkewe akiinjika sufuria, mume alinusa kutoka sebuleni akamtangaza mbele ya wageni: "Mama watoto, unaunguza." Alinusa shuka, alinusa taulo, alinusa hata viti baada ya mashemeji zake kuondoka. Alimpelekesha puta mkewe hadi akawa anafua nguo moja mara mbili.

Kisha pua ikafa. Mafua makali yalimlaza kitandani, na alipoinuka, sabuni, kitunguu na petroli vyote vilikuwa hewa tupu. Alingoja irudi, haikurudi. Hakumwambia mtu. Gereji alitumia macho: akiona nati imelowa, alifumba macho na kujifanya ameinusa. Nyumbani aliendelea kusema "unaunguza" kwa kubahatisha, na mkewe aliendelea kukimbilia jikoni kutazama chakula ambacho hakikuwa na neno.

Gari la mdogo wake ndilo lililomkalisha kwenye kuti kavu. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa dereva, na Jumapili alikuwa na mashindano. Gari lilikuwa limewekewa pampu mpya, kubwa. Pampu ya namna hiyo husukuma petroli nyingi kuliko injini inavyoweza kunywa, na inayobaki lazima irudi kwenye tanki. Paipu ya zamani ya kurudishia ilikuwa nyembamba, petroli ikawa inabanwa njiani, injini inakohoa. Ilitakiwa nyingine, nene.

"Hii nafunga mwenyewe," Pua alisema. "Huyu ni damu yangu."

Damu ilikuwa kisingizio. Aliogopa. Alijua akiifunga vizuri mwenyewe, hakutakuwa na kitu cha kunusa. Na kwa kweli aliifunga vizuri, karibu yote. Aliupitisha mpira mbali na ekzosi, akaubana kila mahali ili usicheze. Lakini mpira wa kazi hiyo umevikwa wavu wa waya, na alipoukata, kijiwaya kimoja kilikatika kikaingia mdomoni mwa nati ya upande wa tanki, kikaizuia isikae sawasawa. Fundi mwingine angepitisha kidole, akapuliza, akatazama. Pua kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuhangaika na vidole, kwa sababu kosa likibaki pua ingemwambia. Akakaza nati, akainuka.

Mdogo wake akaketi kwenye usukani. Mafundi wakasogea. Bi Spana, aliyekuwa kando ya swichi ya betri, akasema taratibu:

"Kaka, nikuletee karatasi kavu? Ukipangusa kila nati utaona kama kuna unyevu."

Karatasi hiyo ingemwokoa, na Pua alijua. Lakini kuishika mbele ya watu kulikuwa sawa na kutangaza msiba wake mwenyewe.

"Karatasi ni ya wenye pua za kupengea kamasi tu," akajibu. Watu wakacheka.

"Haya," alisema Bi Spana.

Pampu ikawashwa, ikavuma. Pua akafumba macho, akaanza kutembea. Harufu ya petroli ilikwishajaa gereji nzima. Mmoja alijiziba mdomo kwa mkono wa shati, wawili wakatazamana, lakini desturi ilikuwa ni kunyamaza, na siku hiyo waliitii kwa moyo mkunjufu. Mdogo wake naye aliisikia. Alimngoja kaka yake aseme, kama alivyomngoja tangu utotoni.

"Safi," Pua akasema. "Washa."

Dereva hakuwasha. Bi Spana alikata swichi, pampu ikanyamaza.

"Hebu pitisha mkono chini ya tanki, kaka."

Akaupitisha. Mkono ulirudi umelowa hadi kwenye kifundo.

Mdogo wake akashuka. "Kaka, kumbe husikii harufu?"

"Nasikia. Nilikuwa nawapima tu."

"Umeniambia niwashe."

Mdogo wake akachukua spana, akaufungua ule mpira kwa mkono wake, akamvisha kaka yake shingoni, petroli ikimchuruzika kifuani.

"Hadi gereji ifungwe," akasema.

Kisha Bi Spana akacheka, na wote wakapata ruhusa.

Aliporudi nyumbani jioni, mkewe alimzuia mlangoni. "Usiingie na petroli yako ndani. Kaoge uani."

Akajisugua kwa sabuni hadi povu likaisha, akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni, kifua wazi.

"Bado nanuka?" akauliza.

Mkewe akageuka. Katika ndoa yao yote, mume huyu hakuwahi kumuuliza mtu habari za harufu. Akasogea, akamnusa begani. Palikuwa na sabuni tu. Akamtazama usoni, akaona jinsi anavyolingoja jibu, na hapo akaelewa yote, pamoja na kila sufuria aliyoikimbilia bure.

"Bado," akasema.

Mumewe akarudi uani, akajisugua tena. Alikuja mabega yamekuwa mekundu, kuna mahali ngozi imechubuka.

"Na sasa?"

Mkewe alikuwa ameshageukia sufuria yake, anakoroga bila haraka.

"Bado, baba watoto," akamjibu. "Kasugue tena."