Kitenge cha Mama, Mgongo wa Yaredi

Harufu ya petroli ikinifikia, hata leo katikati ya malori ya Tunduma, hunirudisha upande wa Kamsamba nipende nisipende. Kule petroli iliuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya meza kando ya barabara, rangi yake kama chai nyepesi. Kaka Yaredi, jirani yetu, aliimimina kwenye tangi kupitia kipande cha kitambaa ili kuchuja uchafu, nami nimekwisha kupanda kitambo, nangoja. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amenitoa kwetu Kasama, Zambia, alikobaki baba na kazi yake, tukaja kukaa msimu mmoja kwenye kitongoji cha wakulima wa mpunga, mbali na Kamsamba penyewe. Alitaka kuwahi mpunga kabla wachuuzi wengine hawajashuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, changu hakikuwepo kabisa.

Ugenini mtu hana miguu, na miguu yetu ilikuwa pikipiki ya Yaredi, ya pekee pale kitongojini. Ndiyo iliyonipeleka shule, ikatupeleka kanisani, ikatuletea unga, mafuta ya taa na vocha za simu. Mimi nilikaa mbele juu ya tangi, mama nyuma, na madumu yakigongana pembeni. Hiki Kiswahili ninachoandikia nilifundishwa juu ya tangi lile. Yaredi alionyesha kitu kwa kidevu, akakitaja, nami nikakirudia kwa kupiga kelele ili kuushinda muungurumo: korongo, ng'ombe, daraja, mvua inakuja. Nikikosea alicheka mpaka pikipiki ikayumba, na mama akamfinya bega. Yeye na mkewe Tamali walikuwa wageni pia kwa namna yao, wameacha kahawa za Mbozi na baridi yake, wakashuka kutafuta mashamba kwenye joto. Siku tuliyofika, Tamali alitupokea na bakuli la wali wa moto, tumbo lake la mimba ya kwanza limeanza kuonekana. "Karibuni, mama," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama hakuelewa, akaitikia kwa Kibemba, "Natotela, natotela," yaani ahsante, wakacheka wote wawili.

Haikuchukua muda nikajiona mwenye pikipiki. Siku za kliniki Tamali alikwenda kwa miguu na wanawake wenzake, kanga kichwani, viatu mkononi, kwa sababu asubuhi pikipiki ilikuwa yetu, ndivyo mama yangu alivyopatana na Yaredi. Tulimpita njiani. Alisogea pembeni asirushiwe tope, akanipungia mkono, nami nikampungia kutoka juu ya tangi kama mke wa mkuu wa wilaya. Hakuna aliyeona ubaya, hata yeye mwenyewe. Mgeni hutunzwa, na sisi tulitunzwa kwelikweli.

Mvua zilipokolea nikapata homa. Kulipokucha nilikuwa nimetapika hadi maji, mwili unawaka, na mama anazunguka chumba akimwita Mungu kwa Kibemba. Yaredi alikuja mbio, lakini alipofika mlangoni alisimama, akageuka kutazama nyumbani kwake, ambako moshi wa asubuhi ulikuwa haujaanza kutoka. Mama akamuuliza kulikoni.

"Tamali kaamka na mgongo, mama. Lakini bado sana. Mimba ya kwanza haina haraka. Tumuwahishe huyu kwanza, nitageuza mara moja."

Sikuweza kukaa, nilianguka kila waliponipandisha. Ndipo mama alipofungua kitenge chake kiunoni, akabaki na gauni, akanipachika mgongoni mwa Yaredi na kunifunga kama wanavyobebwa watoto wachanga kwetu. Wanawake waliokuwa kisimani walipasuka kwa kicheko. "Yaredi, unalea kabla ya mkeo!" Naye akawajibu, "Najifunza, dada zangu, najifunza." Nakumbuka shavu langu kwenye koti lake lenye unyevu, harufu ya petroli, na moyo wake ukidunda kwa kasi kuliko injini. Nilidhani anaogopa tope.

Kituo cha afya walisema ni malaria, wakanitundikia dripu. Yaredi hakukaa. Alizunguka pikipiki, akafuta kiti kilichokuwa kikavu, akarudi dirishani kunitazama. Mchana homa ilishuka na nikasikia njaa, mama akaninunulia maandazi. Nilikula polepole, kama mtoto aliyebembelezwa. Yaredi alisimama mbele yangu na ufunguo mkononi, hakuniambia niharakishe.

Tulipokuwa tunarudi, mimi bado mgongoni mwake, tuliona baiskeli imelazwa kando ya njia na wanawake wameshika kanga kuzunguka kitu kwenye majani yenye maji. Walikuwa wamemsukuma Tamali kwenye baiskeli ile hadi tope likawashinda. Mmoja alisema tu, "Yaredi, shuka." Alikuwa mtoto wa kiume, na hakulia. Mama alinifungua mgongoni mwa baba wa mtoto huyo, na kwa kuwa kanga zote zilikuwa zimelowa, akawapa kile kitenge. Kilikuwa bado na joto la mwili wangu walipomfungia.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama alinishika mkono tukaenda kuwapa pole, lakini mbele ya Tamali akaishia kupiga magoti. Tamali ndiye aliyezungumza. "Chanda amepona?" Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi, tushukuru kwa huyo." Nilitamani anichukie. Wiki iliyofuata Yaredi alikuja kunipeleka shule kama kawaida. Nilipanda tangi. Hakutaja kitu chochote njia nzima, nami sikumuuliza jina la chochote.

Sasa naishi Tunduma, nimeolewa hapa, na bodaboda ziko kila kona, vijana wakinigombea, "Dada, twende, dada!" Kila ninapopanda nauliza kwanza, "Nyumbani wazima?" Wengi hucheka, wengine hudhani natongoza. Juzi kijana mmoja akanijibu, "Mke wangu mjamzito, ananipigia simu anasema tumbo, lakini nikufikishe kwanza, dada, ni hapo tu." Nikamwambia aende kwake. Akabisha, abiria ni abiria. Nikamfokea katikati ya barabara mpaka watu wakageuka, akawasha na kuondoka. Nilitembea kwenda nyumbani na mfuko wa mchele kichwani, mvua ikinyesha. Wanasema wema hauozi, ila sikusikia nafuu yoyote. Pikipiki zilinipita zikinirushia tope, nikasogea pembeni, na kwenye moja alikaa mtoto juu ya tangi. Alinipungia mkono. Nilichelewa kuuinua wangu.