Gunia la Mahindi na Safu ya Ulinzi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka kwa haya mpaka leo. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu hapa Sumbawanga, miaka ile bidhaa ziliporejea madukani na jezi za mtumba zikajaa sokoni. Tulikuwa tukijiandaa kucheza na chuo kimoja cha Mbeya, na mwalimu wa michezo akanikabidhi kazi ya kuchagua mabeki wanne. Nilisifika kwa kusoma vitabu, nami niliamini kila kitu hupimika.

Nikawapeleka wachezaji kwenye ghala la chuo. Aliyebeba gunia la mahindi na kuzunguka nalo uwanja alipita. Aliyelitua njiani nilimkata. Masanja, kijana wa wafugaji, alizunguka mara mbili. Alfonsi wa Kirando, mwembamba, aliyekuwa beki wetu wa kati mwaka mzima, alilitua kabla ya kona ya kwanza.

"Kaka, siku hiyo tutacheza mpira au tutapakia lori?" aliniuliza.

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, nilifuta jina lake mbele yao. Alikuwa anamaliza chuo, na mchezo ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Nililijua hilo, mwanangu, na bado nililifuta.

Siku ya mchezo mabeki wangu walishinda kila kikumbo, na bado walipitwa. Mmoja akipanda, mwingine alibaki nyuma, na katikati pakawa wazi. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa mabao mawili. Alfonsi alikuwa amesimama nje ya mstari kipindi chote, sauti imemkauka kwa kumwambia Masanja arudi, amtazame mwenzake.

Mzee Sikazwe, aliyelima shamba la chuo kwa maksai, alinisogelea. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Hawa umewachagua wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikichagua maksai simpimi peke yake. Namfunga nira na mwenzake, nawatembeza, natazama kama hatua zinalingana. Akimburuta mwenzake simchukui, hata awe na shingo nene namna gani. Yule mwembamba pale ndiye aliyekuwa akiwalinganisha hatua. Umemtoa, halafu unashangaa mtaro umepinda."

Nilikwenda kwa mwalimu, nikasema mbele ya timu nzima kwamba nilipima vibaya.

"Aingie," alisema Masanja. "Nimechoka kukimbia bila kujua pa kusimama."

Alfonsi aliinama papo hapo. Alifunga kamba za viatu, akaingia. Hatukufungwa bao la tatu. Tulishindwa kwa yale mawili, na Alfonsi akapata nusu tu ya mchezo wake wa mwisho. Nusu ile nyingine sikuweza kumrudishia.

Basi, mwanangu, siku utakapopewa madaraka ya kuwapima watu, usiitafute nguvu ya mtu akiwa peke yake; itazame akiwa kazini, kati ya wenzake. Na ukitambua kwamba umemwonea, sema mbele ya wale wale uliomwonea mbele yao, wakati bado kuna kipindi cha kucheza. Mungu akupe jicho lenye subira, na akunyime kiburi nilichokuwa nacho mimi.