Dume la Masika

Naandika haya mwenyewe, kwa sababu majirani hapa Butembo wanayasimulia kwa kuongeza chumvi.

Wakati wa vita, askari walipomaliza mbuzi na kuku wetu, tulifuga kobayi, vinyama vidogo visivyo na mkia, ambavyo hufichika vizuri jikoni. Masika, mjane niliyetaka kumwoa, aliniachia dume lake alipokwenda Kasugho kumwona mama yake. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nisije nikachanganya, niliwapaka kobayi wangu wanne masizi kichwani. Sikufikiri kwamba jikoni kwangu masizi hayachagui kichwa.

Aliporudi, nilimwalika yeye na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye ningemwomba posa. Nilikamata kobayi mnene mwenye masizi, nikampika katika kikaango kimoja pamoja na mchele, kabichi na karoti.

“Papa Kambale, weye unajua kupika!” alisema kaka yake akijipakulia tena. “Hii nyama ulitosha wapi, ulinunua?”

“Ni ya hapa kwangu,” nilijibu kwa majivuno.

Masika akacheka, akachukua fungu la majani aliyotoka nayo Kasugho. “Mimi nililetea dume yangu zawadi.”

Akaingia jikoni. Tukamsikia akiita, kisha tukamwona kupitia mlangoni akimgeuza chali kobayi mmoja baada ya mwingine.

“Papa Kambale, hawa bote ni banamuke. Dume yangu iko wapi?”

Kaka yake akaacha kutafuna. Hotuba yangu ya posa ilikuwa tayari mfukoni, kurasa mbili. Nikanyoosha kidole kwenye kikaango.