Boksi la Kijani Nyuma ya Shuka

Mtaani walimwita Springi, kwa sababu alikuwa fundi makochi, na kwa sababu hakuweza kukalia kiti cha mtu bila kwanza kukirukarukia kidogo, akisikiliza chini yake kuna nini. Hata msibani alifanya hivyo. Kitambaa nacho hakikumpita hivi hivi. Pazia, kanzu, kitambaa cha meza, alikishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, akatikisa kichwa kama daktari aliyepokea majibu. Walipokuwa wachumba mkewe alidhani kijana huyu anamshika mkono wa gauni kwa mapenzi, kumbe anapima uzito wa kitambaa.

"Mapenzi yalikuja baadaye," husema mama huyo akiulizwa. "Kitambaa kilitangulia."

Mke mwenyewe alikuwa msusi. Kibanda alichokuwa amepanga kilibomolewa ili mwenye kiwanja ajenge maduka, na tangu hapo akawa anasukia wateja sebuleni, katikati ya makochi yaliyovuliwa nguo. Siku moja mteja aliinuka akaenda zake kazini na bonge la sponji limenasa kwenye misuko, akakaa nalo hadi mchana akidhani wenzake wanamtazama kwa husuda. Baada ya hapo mume na mke wakakubaliana: wanunue nyumba yao, yenye ua, na ua uwe saluni.

Nyumba ya kuangaliwa ilipopatikana, msusi alikuwa na bibi harusi mikononi, kichwa kimefika nusu. Hakuweza kutoka.

"Baba watoto, nenda wewe. Vyumba usihangaike navyo, vyumba nitavivumilia. Angalia ua."

"Nitaangalia ua."

"Umesema utaangalia nini?"

"Ua."

"Haya, nenda."

Nyumba ilikuwa ya mama mjane, mkunga mstaafu mwenye sauti laini, aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Alimpitisha vyumbani, akampitisha jikoni, ambako Springi alirukarukia kiti kimoja akaridhika. Kisha wakatoka uani. Ua ulikuwa mpana na umefagiwa vizuri. Kule mwisho, karibu na ukuta wa upande wa barabara kuu, zilikuwa zimeanikwa shuka nzito, zimepangwa bega kwa bega kutoka ukuta huu hadi ule, na pindo zake zikigusa chini.

Mtu mwingine angejiuliza mama anayeishi peke yake amefua shuka za bweni zima kwa kazi gani. Angefunua moja achungulie. Springi alizishika.

"Mama, hii ni pamba tupu."

"Pamba tupu, mwanangu."

"Siku hizi hawafumi hivi. Na upindo wake umepindwa kwa mkono."

"Nilipinda mwenyewe," mama akasema, akamshika kiwiko na kumgeuza taratibu kuelekea nyumbani, kama alivyogeuza watoto wengi tumboni mwa mama zao. "Njoo nikuoneshe na foronya zake."

Wanasema macho hayana pazia. Ya Springi siku ile yalikuwa na shuka. Alirudi akamsifia mkewe ule ua, na alipoulizwa ni mpana kiasi gani, alijibu kwa moyo mweupe kwamba kwa alivyouona unatosha, na shuka zake ni nzuri mno. Wakanunua.

Siku ya kuhamia, mkunga alikuwa ameshaondoka na shuka zake. Kule mwisho wa ua kulikuwa na boksi la chuma, la kijani, refu kumpita Springi na pana kama kabati la milango miwili, limesimama juu ya jukwaa la saruji. Mlangoni lilikuwa na alama ya fuvu na neno HATARI. Lilikuwa linanguruma.

Msusi alitua chini boksi lake la vioo.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hiki ni nini?"

Springi alitafuta neno la kupoza. "Kabati."

"Kabati linanguruma?"

"Linanguruma kidogo."

"Lina fuvu la mtu."

"Fuvu lenyewe nalo si kubwa."

"Uliniambia uliangalia ua. Uliangalia nini?"

Springi hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomponza. "Upindo," akasema.

Papo hapo kichwa cha jirani, mfanyabiashara wa mitumba, kilichomoza juu ya ukuta wa pembeni.

"Karibuni sana, majirani. Naona mmeshakutana na Mzee."

"Mzee gani?"

"Huyo hapo, transfoma yetu. Mtaa wote unakula umeme wake. Tunamwita Mzee kwa sababu alifika kabla yetu sote na hajaacha kulalamika. Amefukuza wanunuzi wengi huyo. Ninyi mna moyo."

Kichwa kikashuka. Mbuzi aliyenunuliwa ndani ya gunia huwa walau anatoa sauti. Huyu, siku ile mtaa ukiwa umekatiwa umeme, alikuwa amesubiri mpaka kamba ifunguliwe.

Msusi hakugomba, na Springi angependa agombe. Alikaa juu ya boksi la mashine za kukaushia nywele akasema polepole, "Dada amepiga simu tena. Kwenye saluni yake kuna kiti kiko wazi. Anataka jibu Ijumaa."

Dada huyo alikuwa na saluni mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Kwenda huko kulikuwa na maana moja tu: kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kama mgeni.

"Ijumaa hii?"

"Hii. Niambie wewe, hapa wateja wangu watapita wapi? Mlango uko kichochoroni. Watapita tena sebuleni kwenye makochi yako, watoke uani wapokelewe na fuvu. Nani ataniletea mtoto wake hapo? Haya maboksi siyafungui, baba watoto. Nikiona hakuna njia, nitayafungulia kwa dada."

Watoto wao walikuwa wakubwa, wameshashika njia zao. Nyumba hii mpya ilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amekalia mzigo uliofungwa. Alijua kugonga misumari, kupiga gundi na kufunga springi. Kuishi peke yake hakuwahi kujifunza.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la ofisi ya umeme. Karani wa pale, mama mwenye miwani ya kamba, alimsikiliza huku akigonga mihuri.

"Halihamishwi hilo. Lilikuwepo kabla ya nyumba."

"Sasa ilikuwaje mtu akajenga nyumba hapo?"

"Muulize aliyejenga."

"Alishafariki."

"Basi usimuulize."

Springi akafikiri. "Hamwezi hata kulipunguza urefu?"

Karani aliacha kugonga mihuri. "Baba, hilo si suruali." Kisha kwa huruma akamhesabia makatazo: asijenge karibu yake, asipande kitu mbele yake, asiliegemezee ngazi, asilifungue.

Springi alirudi nyumbani akiyarudia moyoni, na kadiri alivyoyarudia ndivyo uso ulivyomchangamka. Kujenga kumekatazwa. Kupanda kumekatazwa. Kuvisha hakuna aliyekutaja. Na katika maisha yake hakuwahi kukutana na kitu kibaya ambacho hakikuwa, ukikitazama vizuri, kitu kizuri kisichovaa.

Alikuwa na jora la velveti ya zambarau, la mteja aliyeagiza makochi ya ndoa na ndoa ikavunjika. Alilipima lile boksi huku amevaa glavu za mpira na malapa, mkono mmoja nyuma kama anayelisha mamba. Alikata, akashona. Aliweka sponji nyembamba kote ili kupunguza ile ngurumo, akazamisha vifungo kwa mistari ya mshazari, akatia lastiki juu kama foronya, na chini marinda ya kufika kwenye saruji. Upande wa mlango aliweka zipu ndefu. Fuvu hakuthubutu kulificha, maana sheria ni sheria. Alilikatia dirisha dogo akalizungushia ukingo wa dhahabu, likatokeza hapo kama picha ya babu kwenye fremu.

Alhamisi jioni akamvisha Mzee. Ngurumo ikapungua, ikawa kama ya mtu aliyeshiba. Akamwita mkewe.

Msusi alilizunguka boksi, akagusa kifungo kimoja, akakunja midomo. Kisha midomo ikamshinda.

"Linafanana na dada siku ya harusi yake," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu wahamie, na Springi alisimama kando akikisikiliza kama anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Alipomaliza alifuta macho kwa kanga. "Limependeza, mume wangu. Kweli limependeza. Ila wateja bado watapita wapi?"

Ijumaa ikapambazuka na jua kali. Msusi alikuwa ameiweka simu mezani, akiitazama na yenyewe ikimtazama. Springi alikuwa anajisumbua na kochi lisilo na tatizo lolote. Saa za chai, friji ikakohoa ikanyamaza. Redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo, na baada ya muda mfupi kile kichwa kikachomoza.

"Jamani, mtaa mzima hauna umeme. Mzee amezirai?" Macho yake yakaiona velveti. "Au ameoa?"

Haikuchukua muda, ukuta wa upande wa barabara ukaanza kugongwa kwa kitu kizito.

"Fungueni geti. Watu wa umeme hapa."

"Mlango uko kichochoroni," Springi akajibu kwa sauti. "Zungukeni."

"Huo ni mlango wenu. Tunataka geti letu."

"Hapa ni ukuta tu, ndugu."

"Kwenye ramani ni geti. Gonga mwenyewe."

Springi akagonga. Ukuta ulilia kwa sauti ya bati. Kumbe aliyejenga nyumba alikuwa amelichomelea lile geti na kulipaka rangi ya ukuta, hata ukilitazama usijue saruji inaishia wapi na bati linaanzia wapi. Msumeno wa chuma ukalia kule nje, vumbi la kutu likamwagika, na mabawa mawili mapana yakafunguka.

Barabara kuu ikaingia uani. Ng'ambo kulikuwa na duka la dawa na kituo cha mabasi, na kituoni wanawake wamekaa wakisubiri, wengine vichwa vimefungwa vitambaa, wote shingo wamezielekeza huku.

Mafundi umeme walikuwa wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi mnene. Waliingia, wakaangaza macho.

"Boksi letu liko wapi?"

"Lile pale."

"Lile ni kochi," akasema mfupi.

"Ndiyo. Liko ndani yake."

Mrefu alikaribia, akaweka kiganja kwenye velveti, akakiondoa haraka. "Linachemka. Nani amelifanyia hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Springi alitazama viatu vyake. "Lilikuwa uchi."

Mafundi wakatazamana. Mfupi akaanza kufungua zipu huku mabega yakimtikisika. "Umeziba matundu yake ya kupumulia, mzee wangu. Hata wewe nikikuvisha godoro kwa jua hili, utazima. Bahati yako limejizima lenyewe. Lingeweza kuwaka." Alipofika chini akaongeza, "Lakini zipu nzuri. Haikwami."

Ilibidi wasubiri lipoe. Springi akakaribisha, maji yakaletwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu hakujua bado kama anapona. Mrefu akachukua kopo la rangi ya njano akapiga mstari chini, mbali kidogo na jukwaa.

"Sikilizeni. Huku ndani ya mstari ni kwetu. Tutaleta uzio wa chuma, mtoto asifike. Huko nje ya mstari ni kwenu, fanyeni mnalotaka. Na hili geti lisizibwe tena. Mchana liwe wazi, gari letu liingie muda wowote."

Msusi, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, aliikunjua.

"Mchana kutwa?"

"Kutwa, dada."

"Na watu wakipita hapo getini?"

"Watu wapite tu, mradi wasitufungie njia."

Akatembea hadi kwenye mstari, akaligeuzia boksi mgongo na kuitazama barabara. Kidole chake kikaanza kutembea hewani: kiti hapa, kiti pale, benchi kwenye kivuli cha ukuta. Mwanamke mmoja wa kituoni alikuwa ameshavuka barabara kuja kuona sinema. Alisimama getini.

"Shoga, hapa kuna nini?"

Msusi alimtazama kichwani, pale kitambaa kilipoteleza na nywele zikaomba msamaha. "Kuna saluni."

"Tangu lini? Kila siku nakaa hapo sioni saluni."

"Tangu sasa hivi. Kaa."

Nyuma yao kitu kikagonga ndani ya boksi, redio ya jirani ikaendelea na wimbo mwingine, na mtaa ukashangilia. Mezani simu ikaita, msusi akaifuata na kutoka nayo. Springi akabaki ameshikilia velveti yake kifuani kama aliyekutwa na nguo ya mtu.

"Dada," msusi akasema kwenye simu. "Hapana. Kile kiti mpe mtu mwingine." Akasikiliza. "Hajanibembeleza, wala. Hajasema neno. Yupo hapa kakumbatia zipu." Akasikiliza tena, akacheka. "Nitakueleza jioni, nina mteja."

Akakata simu, akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, niletee maboksi. Anza na la vioo, na ulibebe kwa mikono miwili."

Springi akalibeba kwa mikono miwili, hatua ndogondogo, pumzi ameibana, na fundi mfupi akasogea kumpisha.