Mbwa Aliyeachiwa Mama Vifungo

Watu walimwita Mama Vifungo kwa sababu alikuwa fundi cherehani, na vifungo vilimdondoka kutoka kila mfuko wa nguo yake. Yeye hakuwahi kutaka mbwa. Huyu alikuwa wa binti yake wa pekee: kijibwa cheupe, ukubwa wa mkate, manywele hadi machoni, jina lake Pamba. Binti alipopata kazi ya kutunza wazee nchi za nje, alimwomba mama amshikie kwa miezi mitatu tu.

Miezi ikawa miaka minne. Mama Vifungo alijifunza kumchana kila asubuhi, kumfuta matongotongo kwa maji ya vuguvugu, na kumpunguza nywele kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Wateja walimtania kwamba kapata mjukuu mwenye mkia. Alicheka nao, lakini moyoni alijiambia kwamba maadamu Pamba yupo, binti atarudi kumchukua.

Kisha Pamba akaanza kukohoa. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, akasema moyo umetanuka na maji yanajaa mapafuni. Vidonge vitampunguzia taabu, kumponya haviwezi. Ikafika siku hawezi hata kulala ubavu. Alikaa wima akihema, shingo kainyoosha mbele. Mama Vifungo akaiacha cherehani, akawa anashona kwa mkono huku kampakata.

Ndipo alipompigia binti simu. Alitaka kusikia kwamba anakuja, basi.

"Mama, mwite daktari amchome sindano, apumzike. Mimi sirudi. Nilishindwa tu namna ya kukwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza."

Mama Vifungo akamuuliza kama ameshakula.

Daktari alikuja kesho yake mchana. Mama Vifungo alimshika Pamba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mbwa alimlamba kidole gumba mara mbili, kisha akalegea. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji, na alasiri hiyo akamalizia suruali ya mteja, ingawa mguu mmoja ulitoka mfupi ikabidi aifumue.

Mwezi uliofuata alikitoa kitanda cha binti, akakipangisha chumba kwa mwalimu mgeni. Binti bado hupiga simu kila Jumapili. Mama hapokei kila mara.