Mtiifu Aliyeliwa na Mamba

Mtu aliyenifundisha kuwaandikia watoto hadithi hakuwapenda watoto. Alitujia Homa Bay miaka michache baada ya uhuru, soksi zimempanda hadi magotini, akatukusanya walimu ishirini kwa wiki nzima. Hadithi moja bora, alisema, ingechapishwa katika kitabu cha kusomea. Kisha akatupa masharti. Mtoto wa hadithini asidanganye, asiwacheke wakubwa, asikaribie maji. Mwishoni apewe zawadi au viboko. Niliyanakili yote kama kasuku. Nilitaka kuona jina langu kitabuni, na kwa tamaa hiyo ningezisifu hata zile soksi.

Basi nikamwandika kijana mtiifu. Mama yake alimkataza kwenda ziwani, naye hakwenda. Akapewa kalamu. Hiyo ndiyo hadithi, na iliniletea jasho la siku tano.

Niliporudi shuleni kwangu Kendu Bay, niliwasomea Darasa la Tano. Nusu yao walikuwa wameoga ziwani asubuhi ileile. Walinisikiliza kwa adabu, wakajibu kwa pamoja kwamba funzo ni kutii wazazi, wakatoka kwenda mapumziko. Nikajiona mwandishi. Sikujua kwamba mtoto akiwa na adabu kiasi hicho, anangoja kengele tu.

Nyuma ya jiko la shule nikasikia vicheko. Msichana mmoja wa dawati la mbele alikuwa akiwasimulia wenzake hadithi yangu kwa Kijaluo. Sentensi ya kwanza tu, mamba kamla yule mtiifu, pamoja na kalamu yake. Dada yake mtundu akamfuata mamba hadi kwenye matete, akamwambia nyumbani ana kaka mwingine, mnono kuliko huyo. Mamba akafungua kinywa kuuliza yuko wapi, mtiifu akachomoka mbio. Msichana akamalizia kwa "Thu tinda", maneno tunayofungia hadithi nyumbani kwa bibi, wenzake wakamshika nguo asimulie tena. Yangu hakuna aliyeifungia kwa lolote.

Nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na mmoja, sifichi. Jioni niliiandika hadithi yake yote kwa saa moja, nikicheka peke yangu. Nikazitazama karatasi mbili mezani, nikamkumbuka yule bwana na masharti yake, nikaingiwa na woga. Nikaituma ile ya kalamu.

Ikashinda. Ingekosaje? Wenzangu kumi na tisa walikuwa wameandika hiyohiyo, kwa mwandiko mbaya zaidi. Kitabu kilipofika, wale watoto walikuwa Darasa la Sita. Nikamwita yule msichana asome mbele ya wenzake, nikakunja mikono kifuani kama mtu wa maana. Akasoma vizuri hadi mwisho. Akafunua ukurasa uliofuata, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Mwalimu," akauliza, "na mamba ako wapi?"

Nikamwambia akae chini.