Mama Hana Dharau kwa Babu, Mwacheni Akatibiwe

Admin, nipostie lakini jina langu lifiche, maana nusu ya ukoo wetu iko humu. Nina miaka kumi na nane, nasoma kidato cha sita, kwetu ni Kyela.

Kwenye familia yetu ya Kinyakyusa bado tunashika mila kwamba mke haonani na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anapisha njia. Sasa mama yangu, mzaliwa wa Malawi anayeuza mchele Kasumulu mpakani, akili yake haitulii. Anaacha wali jikoni akimbilie kuanua mpunga, mpunga nao anauacha nusu aanze kufagia, wali unaungua. Kumkwepa babu anasahau. Mwezi uliopita alimvaa uso kwa uso uwanjani, tena akamwamkia kwa furaha, "Shikamoo baba!" Babu akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Shangazi, dada yake baba, akasema mbele ya wageni, "Hii ni dharau tu! Mtu mzima, akili kama kuku aliyekatwa kichwa!" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, halafu nikamkuta jikoni analia.

Nikampeleka hospitali Mbeya. Daktari akamuuliza maswali mengi, akasema ana ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na kumsahaulisha mtu, aliyokuwa nayo tangu utotoni. Akatueleza kuna utafiti ambapo mgonjwa anavalishwa mkanda unaomulika mwanga kwenye paji la uso, ili kuchochea sehemu ya ubongo inayohusika na umakini.

Nikauliza, "Atapona?"

"Binti, sikudanganyi. Bado tunachunguza. Anaweza kupata nafuu, anaweza asipate."

Mama akadakia, "Hata nafuu kidogo naitaka."

Nyumbani baba akawaka. "Ukamulikwe kichwa kama gari bovu? Ukienda, unyooshe hadi kwenu Malawi!"

Nikashindwa kunyamaza. "Baba, mama angekuwa kipofu, mngesema anamdharau babu?"

Shangazi akapiga makofi. "Gwe mwana! Wewe mtoto! Ndiyo shule hiyo?"

Ndiyo, shangazi. Ndiyo shule yenyewe.

Jumatatu tunatakiwa Mbeya mama aanze huo utafiti, na kwenda tutaenda. Msiniandikie kwamba amerogwa, sitajibu. Ila baba yangu nampenda. Ninyi mliowahi kumpinga mzazi bila kumpoteza, nishaurini: nimwambie nini ili tukirudi tukute mlango wazi?